Nyuso Kumi na Tisa za Dolmok

Masan, 9 Aprili 1988

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Na Bibi mpe shikamoo yake peke yake, asije akalalamika kwamba nimemchanganya kwenye salamu za watu wengine. Huku hatujambo. Baba anaingia zamu kiwandani na kikohozi chake kilekile, Mama anauza samaki na anauliza kama goti lako limepona. Simu ya nyumbani kwa mwenyekiti sipigi, maana mkewe husikiliza mpaka mwisho halafu anauliza maswali, ndiyo maana naandika.

Nimeingia mwaka wa pili. Nilitaka darasa la ukarani, lakini lilijaa, wakanitupa darasa la picha pamoja na wengine waliochelewa. Kamera zipo kumi na wasichana tupo thelathini na wawili. Mwezi mzima tulipiga picha hewa: kamera haina filamu, unalenga, unabonyeza, unavuta mkono wa filamu, na Mwalimu Pyeon anapita nyuma na rula akigonga kila kidole kinachotetemeka. Changu anakijua sasa. Lakini nakwambia kweli, Mama Mkubwa, nimeanza kuipenda kazi hii. Karatasi nyeupe ikilazwa kwenye dawa ndani ya chumba cha giza, uso wa mtu unajitokeza polepole, macho kwanza. Mara ya kwanza nililia, na wenzangu walinicheka wiki nzima.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Kila mwaka mwezi wa tano darasa letu huenda kijiji kimoja kuwapiga wazee bure zile picha zinazowekwa mbele ya waombolezaji mtu akifa. Mwalimu aliuliza nani ana kijiji. Niliinua mkono kabla sijafikiri. Amekubali Dolmok, Jumapili ya tarehe ishirini na mbili, na kwa kuwa ni kwetu, kamera nitashika mimi. Tafadhali mwambie mwenyekiti, na Bibi ajiandae.

Mtoto wenu,
In-ok

*

Dolmok, 24 Aprili 1988

In-ok,

Barua yako imefika na kona moja imefunguliwa. Tarishi wetu siku hizi ana kiu ya habari. Sisi wazima. Vitunguu saumu vinakaribia kung'olewa na mgongo wangu umekwisha kabla sijaanza. Tangu Baba yako Mkubwa afe, shamba lile ni langu na jembe tu. Bibi yako ana afya kuliko mimi: anakula mabakuli mawili, kisha anasema la kwanza lilizidi chumvi.

Mwenyekiti alitangaza kwa kipaza sauti saa kumi na moja alfajiri, wazee wakadhani ni vita. Wamejiandikisha kumi na tisa. Wameshagombana nani akae wa kwanza, Mzee Pyo akashinda kwa sababu ana miaka tisini na moja na hakuna aliyethubutu kumwambia asubiri. Bibi yako ameniburuta mjini akakunjwe nywele. Ametoa sandukuni ile nguo yake ya rangi ya maji ya bahari na kila siku ananiamrisha niipige pasi upya, ingawa haijavaliwa. Anapita nyumba kwa nyumba akisema wengine watapigwa na wanafunzi, yeye atapigwa na damu yake.

Unajua Babu yako alikufa bila picha. Watu walikuja kuinamia kipande cha karatasi chenye jina lake. Bibi yako hajasahau hilo miaka ishirini. Anasema afadhali afe na njaa kuliko watu waje kuinamia karatasi. Basi usikosee, mwanangu. Mimi ndiye ninayelala chumba cha pili na kusikia anavyonung'unika.

Mama yako Mkubwa

*

Masan, 23 Mei 1988

Mama Mkubwa,

Shikamoo, na asante kwa ile tambi baridi. Darasa zima limeisifia, hata Mwalimu Pyeon aliomba aongezewe, naye huwa hasifii kitu. Tumefika salama, msichana mmoja tu alitapika kwenye basi. Mama anashukuru kwa vitunguu.

Ulikuwa jikoni siku nzima, basi nikusimulie ulichokosa. Tulitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ukumbi wa wazee. Mzee Pyo alivaa koti la suti juu na suruali ya shambani chini, akasema picha haifiki chini, hakuna atakayemuuliza. Mke wa mwenyekiti alitaka kupigwa yeye pia, tukamwambia ana miaka hamsini na minne, akaondoka na uso wa ndimu. Bibi alikaa wa saba. Alikaa wima mpaka niliogopa. Nilimwambia apumue, akasema atapumua nikimaliza.

Filamu ile ni ya picha thelathini na sita, lakini nilipata thelathini na nane, mbili kwa kila mzee, na mkono ulikuwa bado unavutika bila shida. Nikasema leo bahati imeniamkia. Kidole hakikutetemeka hata mara moja. Mwalimu alinisifu mbele ya wote, akasema hajawahi kuona wazee wametulia vile. Sijawahi kusifiwa na mwalimu tangu nianze shule.

Mwambie Bibi awe na subira ya wiki mbili. Tutafuta mikunjo kidogo kwa penseli juu ya filamu, kisha tuchape, kisha tutie fremu.

In-ok

*

Dolmok, 19 Juni 1988

In-ok,

Tunawasalimu wote. Vitunguu vimetoka vidogo na bei imeanguka, hilo mwambie baba yako asije akategemea kitu. Goti ni lilelile.

Mzee Pyo amekufa tarehe nane. Wewe ulisema wiki mbili, kwa hiyo zilikuwa zimepita. Mwanawe alikwenda kituo cha basi asubuhi na jioni, siku zote mbili kabla ya mazishi, kumngoja dereva alete kifurushi kutoka Masan. Kila basi likifika anapanda, anaangalia chini ya viti, anashuka. Siku ya tatu wakamzika. Waliweka karatasi. Watu waliinama, kisha wakageuza macho kunitazama mimi, na mke wa mwenyekiti akaniuliza kwa sauti ya huruma kama shule yenu ni shule kweli.

Mwenyekiti alitaka kumwita mpigapicha wa mjini aje awapige waliobaki. Bibi yako alikataa kwa niaba ya wote. Alisema, "Mimi si ngoma nipigwe kila wiki. Mjukuu wangu ameshanipiga." Na wengine wakaona haya kumpinga.

Picha ziko wapi?

Mama yako Mkubwa

*

Masan, 2 Julai 1988

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Habari ya Mzee Pyo imenichoma. Nilimwona akicheka siku ile mpaka nikamwambia afunge mdomo. Huku Baba amebadilishiwa zamu, Mama hajambo, mvua za majira ya joto zimeanza na nguo hazikauki.

Picha zimechelewa kwa sababu karatasi ya kuchapia imekwisha na shule inangoja nyingine. Ndivyo ilivyo. Karatasi ikija tutachapa.

Nikupe kichekesho cha darasani. Kuna msichana mmoja, jina nalihifadhi, alitia filamu kwenye kamera lakini ncha yake haikushika kwenye gurudumu la upande wa pili. Ukivuta mkono, kamera inahesabu kama kawaida, kumbe filamu imelala palepale ndani ya mkebe wake, haijaona hata mtu mmoja. Juu ya kamera kuna kifundo kidogo, kinatakiwa kizunguke kila unapovuta. Mwalimu ametuambia mara mia tukitazame. Yule msichana hakukitazama, alikuwa anatazama watu, na alikuwa anafurahi mno. Filamu ilipotoka kwenye dawa ilikuwa tupu tangu mwanzo mpaka mwisho.

Mwalimu Pyeon aliitundika ubaoni, akaandika jina lake chini. Alimpigisha magoti ukumbini mikono juu vipindi viwili, madarasa yote yakipita. Wenzake sasa wanamwita Dirisha, kwa sababu ukiitazama filamu yake unaona upande wa pili. Haruhusiwi kugusa kamera mpaka muhula ujao. Hajui atawaambia nini watu aliowapiga. Mimi nimemwambia asubiri, labda watasahau.

Msalimie Bibi.

In-ok

*

Dolmok, 20 Julai 1988

In-ok,

Salamu zimefika. Hatujambo kwa kiasi chetu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mpe pole huyo msichana. Mwambie wazee hawasahau, wana kazi gani nyingine.

Bibi yako aliniuliza kwa nini picha hazijaja. Ilibidi nimjibu. Habari ya karatasi haimuingii, anadhani karatasi inauzwa kila duka. Nikamwambia mwalimu wako anachapa nyuso nzuri kwanza.

Alinyamaza. Nina miaka thelathini na moja katika nyumba hii, sijawahi kumsikia akinyamaza. Usiku ule alikula bakuli moja.

Mama yako Mkubwa

*

Masan, 29 Julai 1988

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Sina habari nyingine, nisamehe.

Kwa nini umemwambia hivyo? Bibi anajipenda, unamjua. Mwambie mashine imeharibika, mwambie mwalimu anaumwa, mwambie chochote kile ila si hicho. Nakuomba kwa mikono miwili. Muhula mpya ukianza nitaomba kamera nije mwenyewe.

In-ok

*

Dolmok, 14 Agosti 1988

In-ok,

Ulinipa ruhusa ya kusema chochote, nimesema. Alikuja kuniuliza tena, safari hii kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba maji nyumba ya watu. Nikamwambia wasichana wa darasani waliiona picha yake wakacheka, mwalimu akaifungia kabatini. Kioo chake cha mkononi amenipa nikiweke juu ya kabati nisimpe tena.

Usinililie. Kama maneno yangu hayakupendezi, andika yako. Andika barua ya kumsomea Bibi yako, useme picha ziko wapi. Nitaisoma neno kwa neno, si chumbani, ukumbini, mbele ya wote kumi na wanane waliobaki, na mtoto wa Mzee Pyo nitamwita. Sitapunguza wala sitaongeza.

Joto limezidi na kuku wawili wamekufa.

Mama yako Mkubwa

*

Masan, 30 Agosti 1988

Bibi, na wazee wangu wote wa Dolmok,

Shikamooni. Mimi ni In-ok, mtoto wa mwana wa pili wa nyumba ya Seol, niliyewapiga picha mwezi wa tano.

Picha hamna. Hazikupotea wala hazikuchelewa, hazikuwapo tangu mwanzo. Filamu niliitia vibaya. Mlivaa, mkakunja nywele, mkakaa juani, mkanitazama, na mimi nilikuwa nabonyeza kamera isiyoona. Nilijua siku nne baadaye. Nilipaswa kuandika siku ileile, na Mzee Pyo angepata mpigapicha mwingine. Sikuandika kwa sababu shuleni walinicheka na sikutaka kuchekwa na kwetu pia. Kumbe niliona afadhali nyinyi mngoje.

Bibi, hakuna mtu aliyecheka uso wako. Hakuna mtu aliyeuona. Aliyechekwa ni mimi.

Nimemwomba Mwalimu Pyeon. Amekubali nichukue kamera sikukuu ya mavuno, na safari hii atatia filamu yeye mwenyewe. Nitawapiga wote upya. Naomba mnisamehe, ingawa mtoto wa Mzee Pyo sina uso wa kumwomba.

Seol In-ok

*

Dolmok, 11 Septemba 1988

In-ok,

Hatujambo. Mpunga umesimama vizuri.

Nimesoma neno kwa neno kama nilivyoahidi. Mtoto wa Mzee Pyo alisimama katikati ya barua akatoka. Wengine walitukana kidogo, wakasema mtoto wa mjini huyo, kisha wakaanza kupanga nani atakaa wa kwanza safari hii. Mke wa mwenyekiti aliniomba barua akaisome tena nyumbani, nikamnyima.

Bibi yako alikuwapo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nimshike mkono tuondoke.

Njoo na nguo za kazi, kuna mboga za kutayarisha.

Mama yako Mkubwa

*

Masan, 2 Oktoba 1988

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Tulifika salama. Basi lote lilikuwa linasikiliza michezo ya Olimpiki ya Seoul kwenye redio, hakuna aliyeona kwamba nalia, na Baba alijifanya kalala. Picha za wale kumi na saba zimetoka, nzuri, naziambatanisha zote. Kifundo nilikitazama kila nilipovuta.

Nataka ujue kilichotokea chumbani kwa Bibi. Ulikuwa jikoni unapanga keki za mchele, ukuta ni wa karatasi, kwa hiyo huenda ulisikia kila neno. Nitaandika hata hivyo.

Alikuwa amekaa kaupa mlango mgongo, amejifunika taulo kichwani mpaka kidevuni. Nikadhani ni mzaha. Nikamwambia Bibi, zamu yako, wote wameshapigwa. Akasema hapigwi. Nikapiga magoti nikamweleza yote upya, ncha ya filamu, gurudumu, kifundo, nikaifungua hata kamera nyingine ya shule niliyobeba nimwonyeshe ndani. Alinisikiliza bila kuondoa taulo. Kisha akanitafuta mkono akanishika.

"Barua yako ilikuwa nzuri, mwanangu," akasema. "Umejipaka matope mbele ya kijiji kizima ili mimi nisione haya. Mtoto mwenye moyo kama wako simjui mwingine."

Nikamwambia, "Bibi, ni kweli. Naapa ni kweli, nilikosea mimi."

"Najua. Sema hivyohivyo kwa watu. Lakini wewe usinipige tena, usije ukachekwa mara ya pili kwa ajili yangu."

Siku tatu nilizokaa sikuuona uso wake. Alikula akiwa ametugeuzia mgongo. Nimemwambia ukweli wote, Mama Mkubwa, na yeye ameupokea kama zawadi. Nifanye nini sasa? Wewe ndiye unayelala chumba cha pili. Mwambie ulimdanganya. Wewe anaweza kukuamini.

In-ok

*

Dolmok, 23 Oktoba 1988

In-ok,

Picha za wazee zimegawiwa. Mke wa marehemu Pyo alikuja kuzitazama, akarudi zake. Tumeshavuna.

Unataka nimwambie Bibi yako kwamba nilimdanganya. Nikusimulie kitu kwanza, kisha utaacha kuniomba.

Nilipoolewa mwaka wa hamsini na saba, mpigapicha alikuja kwa baiskeli kutoka mjini na mzigo wake mgongoni. Nilikuwa na miaka ishirini, nimepakwa poda, nimevikwa taji. Bibi yako alinitazama, akamwambia yule mtu ampige bwana harusi peke yake, uso huu ni hasara ya filamu. Akasema mbele ya mama yangu mzazi. Ile picha ipo mpaka leo ukutani, umeiona tangu utoto wako: Baba yako Mkubwa kasimama peke yake kando ya mtungi. Hukuwahi kuuliza bibi harusi yuko wapi. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Tangu siku hiyo ananiambia chumvi imezidi, moto umepungua, mwana wake angepata mke mwingine angekuwa hai. Mwana wake alikufa kwa ini na pombe, lakini ni uso wangu uliomuua. Mimi nilimvumilia. Sikumpiga, sikumnyima chakula, nguo zake nafua kwa mkono. Kisha wewe ukanipa neno moja la kumwambia. Ungeandika mstari mmoja tu mwezi wa tano, ningekosa la kusema.

Sitamwambia kitu. Anavyojiona sasa ndivyo nilivyojiona mimi, na mimi sikufa.

Msalimie mama yako, mwambie goti halijapona na halitapona.

Mama yako Mkubwa

*

Masan, 3 Januari 1989

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Tumerudi salama kutoka mazishini. Baba anakwenda kazini na kurudi. Mama ana homa ya baridi ile ya makaburini. Nashukuru kwa kazi yote uliyoifanya siku zile tatu, nilikuona hukuketi.

Niliandika Novemba mwanzoni, nikaandika tena Novemba mwishoni kuuliza hali ya Bibi. Hukujibu. Habari ya kuanguka kwake uani niliisikia mara ya kwanza kutoka kwa mwenyekiti alipopiga simu kusema amekufa.

Unajua nilifanya nini asubuhi ile. Mwalimu Pyeon alinifungulia chumba cha giza ingawa ilikuwa siku ya mtihani, nikakata picha yake ya kitambulisho cha zamani alichokuwa nacho Baba, ndogo kama ukucha, nikaikuza. Nilijaribu karatasi kumi na moja. Kila nilipoikuza macho yalivunjika yakawa nukta, na mdomo ukapotea kabisa. Nimejifunza mwaka mzima, na hicho ndicho nilichoweza kumpa. Wazee wale kumi na saba walipita mmoja mmoja wakainama mbele ya nukta zile, nami nikampigia magoti kila mmoja nikiwa na nguo za msiba. Mke wa mwenyekiti aliniuliza yule ni nani. Hakuwa anafanya mzaha, alikuwa anauliza kweli.

Sitaki kugombana nawe tena. Uliyoniandikia Oktoba nimeyasoma mara nyingi, na ile picha ya harusi niliitazama tulipokuja kuzika, nikaona aibu kwamba nimeipita miaka yote bila kuuliza. Nina swali moja tu. Mwishoni, alipokuwa amelala kitandani, Bibi alisema chochote kunihusu? Hata kama ni kibaya, niambie.

In-ok

*

Dolmok, 21 Januari 1989

In-ok,

Mama yako mpe pole ya homa, achemshe tangawizi. Hapa barafu imepasua bomba la uani na nachota maji kwa mwenyekiti.

Umeuliza kama Bibi yako alisema chochote. Alisema.

Ilikuwa tarehe tatu Desemba, siku mbili baada ya kuanguka. Asubuhi aliniomba nimchane nywele. Aliniomba, In-ok, hakuniamrisha. Nikamchana. Alivua taulo mwenyewe, akalikunja, akaliweka kando, na ule uso wake sikuwa nimeuona tangu majira ya joto. Akaniomba kioo nikamshushia. Alijitazama muda mrefu. Akasema, "Mtoto alisema kweli, sivyo?" Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia mengine yote niliyatunga mimi. Akatikisa kichwa, hakunitukana. Akasema, "Basi mwandikie aje na kamera yake. Mwambie nitakaa."

Nikamjibu sawa.

Kuanzia hapo kila asubuhi nilimvika ile nguo yake ya rangi ya maji ya bahari, maana alisema unaweza kufika na basi lolote. Jioni namvua. Aliniuliza kila siku kama umejibu, nami nikamwambia bado, mtoto ana mitihani. Alisema basi tusimsumbue. Kutoka Masan ni mwendo wa saa tatu kwa basi. Karatasi ilikuwapo, kalamu ilikuwapo, na sikuwa hata na hasira tena, hilo nakuapia. Kila asubuhi nilisema nitaandika kesho. Tarehe kumi na tisa nilipokwenda kumvika alikuwa amekufa.

Wewe ulikaa na barua yako miezi mitatu. Mimi nilikaa na yangu siku kumi na sita. Ndiyo hii.

Ibada ya siku ya arobaini na tisa tangu afe ni tarehe tano mwezi ujao, na siku inayofuata ni mwaka mpya wa kalenda ya zamani. Njoo tarehe nne, vyombo ni vingi na mikono yangu imepasuka kwa baridi.

Mama yako Mkubwa